Vidonge Mbele ya Mkwe

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizokaa katika kituo hiki cha wazee, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani kujifunika uso. Ilikuwa asubuhi, tumeshakunywa uji, nimeketi kwenye benchi la wanawake na vidonge vyangu vya presha viko kiganjani. Sista amesimama mbele yangu anasubiri nimeze. Mara gari la ustawi wa jamii likaingia uani, akashuka mzee mmoja mrefu, mwembamba, ameshika kiroba cha nguo na kofia ya pama. Nilimtazama mara moja tu. Vidonge vikanidondoka, nikavuta khanga mpaka puani, nikainuka nikakimbilia bwenini. Nasema nilikimbia, lakini miguu yangu unaiona mwenyewe, hata bata angenipita. Sista akawa ananifuata nyuma anaita, "Bibi, dawa! Bibi, hujameza!"

Mzee yule alikuwa mkwe wangu, mume wa marehemu binti yangu. Ndiye huyo unayemwona leo kwenye kiti cha magurudumu pale dirishani. Siku ile aliingia hapa kwa miguu yake mwenyewe.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikusikia. Umekuja juzi tu kujifunza kazi, na mikono yako ni mizuri, sikatai. Jana nilichelewa kutoka bwenini, mgongo ulinishika, na nilipofika mlangoni mwa bwalo nikakukuta umemsogezea vidonge naye amefumba mdomo. Ukageuka ukamwambia mwenzako, "Huyu babu ni mkaidi kweli." Hukusema kwa ubaya, najua. Lakini jina hilo aliwahi kuitwa hapa hapa, mimi nikiwa nasikia, na lilimtafuna nusu ya mwili. Kwa hiyo kaa kidogo. Vyombo watakosha wengine, na mimi sina safari.

Mimi ni Msukuma wa Ushetu. Tumbaku ndiyo iliyonilea na ndiyo iliyoniharibu mgongo, na hata huu ugoro ninaonusa usinikataze, nimeshakatazwa na wakubwa zako nikawaambia waniache nife nao. Nilizaa mara nyingi akabaki mmoja, Ng'washi, ndiyo maana wote hapa wananiita Mama Ng'washi. Akaolewa na kijana wa upande wa Msalala. Jina lake silitamki mpaka leo, kwetu mama mkwe halitamki jina la mkwewe. Walijaliwa mapacha, Kulwa na Doto, basi namwita Baba Kulwa.

Ninyi watoto wa Dar mnakaa na wakwe zenu meza moja mnagombania paja la kuku. Sawa, kila watu na mambo yao. Kwetu sisi, mkwe akikuona njiani anaingia vichakani akupishe. Akija kwako anasalimia akiwa nje, unamwitikia ukiwa ndani. Na kula ndiyo usiseme! Mkwe hamwoni mama mkwe akitia kitu mdomoni, wala mama mkwe hamwoni mkwe. Baba Kulwa alinijengea nyumba ya bati. Tumbaku yangu ilipaliliwa na yeye. Alimuuguza mwanangu mpaka mwisho, akamzika vizuri, watu wakamsifu. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuyaona meno yangu. Mtu mwenye adabu kama yule sijamwona tena, na siyo kwamba namsifu kwa kuwa anasikia. Sikio lake lenyewe limebaki moja.

Baada ya msiba akaenda machimboni Segese. Mambo yakamnyookea. Tukasikia ana karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na vijana wanamwita bosi. Alikuwa ananitumia sabuni na sukari kwa watu wa mabasi. Kisha kidogo kidogo kukawa kimya, simu haipatikani, na Kulwa na Doto nao wakapotelea Geita kwenye mashimo yao. Mimi nyumba ikaanguka na mvua, watoto wa kaka yangu wakanichoka, si kwa kunipiga wala kunitukana, walinichoka tu, unajua mtu akikuchoka anavyokuwekea chakula. Ndipo nikaletwa hapa.

Nilipofika nilikuwa kijana. Usicheke! Hapa ujana ni ugeni, hata uwe umekula chumvi nyingi namna gani. Mgeni anajitutumua kama vijana wa mtaani, anataka aonekane si mtu wa kutupwa. Jumapili wenzangu walikuwa wanapata wageni, wanaletewa mafuta na mikate, mimi nimekaa natazama geti. Kitanda cha pili yangu alilala Bi Mwanahawa, Mungu amrehemu, Mzaramo aliyekuja machimboni ujanani kufanya umama lishe akasahau njia ya kurudi kwao. Na unajua sisi na Wazaramo ni watani. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Akaniuliza, "We Msukuma, ng'ombe wote wale mnaojisifia, hakuna hata mmoja wa kuja kukusalimia?"

Nikamjibu kwa kiburi, "Mimi nina mkwe Segese. Ana karasha. Anamalizia nyumba, atakuja kunichukua kwa gari lake."

Haikuwa uongo wote, maana karasha lilikuwepo. Ila ile habari ya nyumba na gari niliipika mwenyewe, na nilipoona imempendeza kila mtu nikaendelea kuipika. Kila Jumapili naongeza chumvi. Ikafika mahali wazee wawili watatu wakaniomba siku mkwe akija awasogeze mjini, nami nikawaambia nafasi ipo.

Sasa ndiyo huyo mkwe anashuka kwenye gari la ustawi wa jamii na kiroba mkononi.

Mpishi alinihadithia baadaye bila kujua anamhadithia nani. Shimo lao lilijaa maji, karasha likaenda, mzee akabaki kwenye chumba cha kupanga na presha na sukari, hana wa kumchemshia maji. Vijana wa machimboni ndio waliomwona amezidiwa wakaenda kusema serikalini. Nilimsikiliza mpishi nikiwa nachambua mchicha, na machozi yakawa yanadondokea kwenye beseni. Nikasingizia moshi.

Ningeweza kumwambia nesi wetu neno moja tu. Nesi alikuwa Sista Neema, mtu wa Rombo, mwepesi, mchapakazi, peke yake kwa wazee wote hawa. Ningemwambia, "Sista, yule ni mkwe wangu, hatuwezi kumeza dawa tukionana, tupe kwa zamu." Angenielewa au asingenielewa, lakini ningekuwa nimesema. Sikusema. Nilijiambia mila inanikataza. Mila ipi, mwanangu? Mila inanikataza kula mbele ya mkwe, hainikatazi kuzungumza na nesi. Niliogopa Bi Mwanahawa atauliza karasha limepaki wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa mila yangu.

Basi tazama ilivyokuwa. Dawa zilitolewa bwaloni baada ya uji, wote tukiwa pamoja, wanawake kwanza. Sista anakuja na trei, anakuita jina kwa sauti, anakutajia na ugonjwa wako kila mtu asikie, kisha anasimama mpaka umeze. "Fungua mdomo, bibi. Inua ulimi. Haya, vizuri." Wewe unaona ni jambo dogo. Mtu mzima aliyelea watu, akainue ulimi mbele ya binti anayeweza kuwa mjukuu wake, na bwalo zima linatazama! Lakini Sista naye alikuwa na sababu. Kulikuwa na babu aliyekuwa anawatupia kuku vidonge vyake, mpaka jogoo akawa halali wala hawiki. Baada ya hapo kila mtu akawa anakaguliwa.

Baba Kulwa akiona trei inatoka, anainuka. Polepole, bila kumtazama mtu. Anakwenda nyuma ya jiko kwenye tangi la maji, anasimama pale akituelekezea mgongo, anasubiri mimi nimeze nitoke. Alikuwa ananipisha, kama alivyokuwa akinipisha kwenye njia za Ushetu. Sasa mimi koo langu ni hili unalolijua, kidonge kikubwa kinagoma njiani, nakohoa, naomba maji, nakohoa tena. Mpaka nimemaliza nimejikokota kutoka, Sista amefunga kabati la dawa amekwenda kusafisha vidonda vya watu bwenini. Baba Kulwa anaingia anakuta benchi tupu na uji wake, ambao hangeugusa mbele yangu, umeshapoa.

Siku nyingine Sista alimkumbuka akamfuata. Siku nyingi hakupata nafasi. Akikutana naye mchana anajishika kiuno. "Mzee, umekosa dawa tena?"

"Nimesahau, mwanangu."

"Kila siku unasahau wewe tu?"

"Uzee, mwanangu. Nisamehe."

Watu wakacheka. Jina likamganda, Mzee Mkaidi. Mpishi naye akawa anaita, "Mpelekeeni Mzee Mkaidi uji wake." Na mimi nimekaa pale nimewapa mgongo, nasikia kila neno, namega ugali wangu. Mtu aliyenijengea nyumba anaitwa mkaidi kwa sababu ya kuniheshimu, nami namega ugali! Hata hilo tonge nililimezaje sijui.

Bi Mwanahawa aliona kuna kitu. Akaniuliza, "Yule mzee mbona mnakimbiana kama paka na mbwa? Alikuposa zamani ukamkataa?" Nikamwambia aniache, simjui. Nilimkana hivyo, mchana kweupe, nikiwa nimevaa khanga aliyoninunulia yeye.

Siku aliyoanguka nilikuwa nakohoa kama kawaida yangu. Kidonge kimekwama, Sista ananipiga mgongoni, nusu ya bwalo inanitazama. Tukasikia kishindo huko nyuma ya jiko, na mpishi akapiga yowe. Waliokuwa na miguu wakakimbia. Mimi nilifika mwisho. Nikamkuta amelala chini kando ya tangi, nusu ya uso imeshuka, mkono wa kulia umekunjwa chini yake, na ile kofia ya pama imeangukia kwenye tope. Macho yalikuwa wazi. Aliponiona, mwanangu, mtu yule amelala anakufa, alijaribu kugeuza uso upande wa pili ili anipishe.

Nikajisahau. Nikapiga kelele, "Baba Kulwa! Baba Kulwa!"

Hakuna mtu hapa aliyemjua kwa jina hilo. Bi Mwanahawa alikuwa ameshika bega langu, na nikasikia mkono wake umetulia kabisa.

Alilazwa hospitali ya mjini kwa muda mrefu. Aliporudi alirudi hivi, na kiti. Upande wa kulia haumtii, maneno yanatoka moja moja tena kwa shida. Daktari alisema kama hatameza dawa kila siku bila kuruka, pigo la pili halitamwacha. Sista Neema alitueleza bwaloni huku anafuta macho. "Nilimwambia mimi. Nilimwambia ameze. Ukaidi wake ndio umemponza." Alilia kweli, maskini, alidhani kosa ni la mzee na lake. Watu wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa changu. Ndiyo, hata siku ile nilikaa kimya.

Mchana wake Bi Mwanahawa akaja akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. Hakucheka. Nilishazoea matusi yake ya utani, ila uso ule sikuwa nimeuona.

"Mama Ng'washi, nakuuliza kama mtani wako. Yule mkwe wako mwenye karasha ndiye yule aliyelala pale?"

Nikaanza kukunja shuka.

"Jibu!"

"Ndiye."

"Na dawa alikuwa hamezi kwa sababu yako?"

"Hatuwezi kula tukionana, Bi Mwanahawa. Ni haya. Ni heshima yetu."

"Heshima yenu naijua, nimekaa na ninyi tangu nina meno yote. Sijaulizia heshima. Wasukuma wangapi wana wakwe na hawajafa kwa kidonge? Wanaambizana! Mnatafuta njia! Wewe ulishindwaje kusema? Sisi Wazaramo tukiumwa kidole tunapiga kelele mtaa wote unahama. Wewe mwenzio anadhalilishwa kila siku mbele ya macho yako, unajikausha tu, unaogopa mimi kikongwe nitakucheka. Mimi! Mimi hata huko kwangu hakuna anayejua kama ningali hai. Ningekucheka asubuhi moja, basi, ningechoka. Yule ameshachukuliwa nusu."

Akainuka. Mlangoni akageuka akasema, "Na akifa hiyo nusu iliyobaki, Msukuma, mimi mtani wako nitalia msibani na nitamtaja aliyemuua."

Sikula siku ile. Nililala nimejifunika nikawa najiona nilivyo, mwanamke mzima niliyejificha nyuma ya adabu ya mtu mwingine. Yeye alikuwa na haya, kweli kabisa. Mimi nilikuwa na majivuno, nikayavika khanga ya haya, mpaka mwenyewe nikayaheshimu.

Asubuhi wakamleta bwaloni kwa kiti. Sasa hakuwa na miguu ya kwenda kwenye tangi. Sista akamsogezea kijiko, vidonge vimesagwa vimechanganywa na uji. Akaangaza mpaka akaniona kule benchi langu, akafumba mdomo. Sista akabembeleza. Akafumba. Sista akamshika kidevu, akajaribu kupenyeza kijiko pembeni, uji ukamtiririkia shingoni. "Mzee, unataka kufa? Niambie kama unataka kufa nijue!" Wengine wakaanza tena, mkaidi, mkaidi. Naye anatazama sakafu, jasho linamtoka, meno ameyauma.

Nikasimama.

"Sista, mwache," nikasema. "Huyo si mkaidi. Huyo ni mkwe wangu. Alimuoa Ng'washi wangu. Anafumba mdomo kwa sababu mimi nipo hapa, na tangu aje alikuwa anatoka nje kwa sababu mimi nipo hapa. Na ndiye yule niliyekuwa nawaambia. Mwenye karasha."

Kisha kutoka benchi la wanaume mzee mmoja akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, "Sasa na lile gari?"

Nikamwambia hakuna gari. Halikuwepo. Hapo ndipo nilipojua aibu ikikushika sawasawa inakuwaje. Masikio yanawaka na miguu inapoa. Sista Neema alinitazama, akamtazama mzee, akakiweka kijiko chini. "Bibi, kwa nini hukuniambia?"

Kwetu kuna namna ya kuilegeza haya ikizidi. Mkwe analeta mbuzi, wazee wanakaa, wote wawili wanapewa nyama wanakula wakionana, basi, mdomo umeshafunguliwa. Lakini mbuzi tutamtoa wapi hapa, wakati maharage yenyewe tunahesabiana? Nikalisema hilo kwa sauti. Bi Mwanahawa akapiga kofi mezani.

"Mbuzi wa nini na mimi mtani nipo? Mtani anakula fidia. Mama Ng'washi, lete hiyo khanga." Akanivua begani mwenyewe, khanga yangu nzuri, akajitanda. Akaenda kwa Baba Kulwa akamvua kofia ya pama, akaivaa juu ya khanga. Watu waliangua kicheko, mpaka Sista. "Nimeshakula. Kofia na khanga ni vyangu, hamvioni tena mpaka nife. Haya yenu nayo nimeichukua, nitakwenda kuitupa Uzaramoni. Sasa leteni uji wa bakuli moja."

Akasukuma kile kiti mpaka mbele yangu. Akaketi katikati yetu na kofia yake kichwani. Nikachukua vidonge vyangu, nikavimeza huku mkwe wangu ananitazama. Nilikohoa kama kawaida. Nikafungua mdomo, nikainua ulimi, nikamwonyesha Sista, na Baba Kulwa akaona meno yangu kwa mara ya kwanza maishani mwake, yale machache yaliyobaki. Kisha nikashika kijiko. Nikasema, "Baba, nakuomba."

Akafungua mdomo. Ulikuwa umepinda, na ulimi ulikuwa mzito, na uji mwingine ulitoka pembeni nikaupangusa kwa mkono wangu. Lakini alimeza. Alimeza vyote.

Alipomaliza akaanza kuhangaika kusema. Tulimsubiri. Neno la kwanza lilikuwa "Mama." Tukasubiri tena.

"Niliambiwa... siku niliyofika. Kwamba mama ana mkwe... tajiri. Atakuja... na gari." Akapumzika. "Sikutaka... nimharibie mama... mkwe wake."

Umesikia, mwanangu? Alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza alijua nimejisifu naye, akajiona alivyo na kiroba chake, akaamua heri yeye aitwe mkaidi kuliko mimi niitwe muongo. Nilikuwa namficha, na yeye akawa ananificha. Ila mimi nilijificha nikiwa nameza dawa zangu, na yeye bila dawa.

Niliweka kichwa kwenye meza ile nikalia mbele ya watu wote. Bi Mwanahawa hakunitania. Alinifunika na khanga yangu, kisha akaichukua tena, na kweli hakuirudisha mpaka alipokufa. Tulimzika nayo.

Sasa nikuambie ninalotaka ulishike. Mzee akikataa dawa usianze na ukaidi. Ukaidi upo, mimi mwenyewe ninao wa kutosha, lakini uuweke mwisho. Kwanza tazama amekaa karibu na nani. Tazama nani ametoka na nani ameingia. Sogeza sikio lako mdomoni kwake, muulize taratibu, si kwa sauti ya kusikiwa na bwalo zima, na ugonjwa wake umtajie yeye peke yake. Sisi tumekuja hapa bila nyumba, bila mashamba, wengine bila jina la mtu wa kumpigia simu. Kilichobaki ni haya yetu. Ukitudai tuiache mlangoni ndipo tumeze, tutakufa nayo, na utadhani tulikuwa wapumbavu.

Na kwa kuwa nawe utazeeka, nikupe na la upande wetu. Ukiona mwenzako anaitwa jina baya na wewe unajua sababu, sema. Sema hata kama ukisema utachekwa. Usingoje mtu aanguke ndipo ulie jina lake. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema na mtu mwema wa kumwambia, nikalikalia, na ule mkono wa kulia haukurudi. Kila asubuhi nauona umelala mapajani mwake. Huo mkono ndio uliopaua nyumba yangu.

Mungu akupe wazee wa kuwatunza nao wakuombee, mwanangu, akupe na wa kukutunza siku zako zikifika, wawe na subira na koo lako. Akupe mkwe kama wangu. Akuepushe na majivuno yanayovaa nguo za adabu.

Haya, inuka, lete trei yako. Anza na mimi, yeye hawezi kumtangulia mama. Akishaniona nimemeza, atafungua mdomo.